Logi ya waidibendi kwenye pikipiki ya injekta: dalili, visababishi na mahali pa kusimama

Malalamiko huja kwa sura ileile. Mtu amebadili ekzosi, ameweka filta ya hewa inayopitisha zaidi, amefunga sensa ya waidibendi, yaani sensa ya oksijeni inayoonyesha mafuta yamepungua au yamezidi kwa kiasi gani, na kurekodi logi. Kisha akaongeza mafuta kila palipoonyesha upungufu, na pikipiki ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Mara nyingi jedwali la mafuta, yaani namba zinazoiambia injekta imwage petroli kiasi gani, halikuwa na kosa. Sensa ya oksijeni haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na oksijeni hiyo ina njia kadhaa za kuingia ambazo hazihusiani na injekta hata kidogo.

Ndani ya kila dalili hapa chini, kisababishi kinachojitokeza mara nyingi kimetangulia. Fuata mpangilio huo. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu, na laptopu iguswe mwisho.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Mchanganyiko mwepesi ni wenye hewa nyingi, mzito ni wenye mafuta mengi. Lamda 1.00 ni pale hewa na petroli zinapomalizana. Kwa petroli isiyo na ethanoli ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Juu ya 1.00 ni mwepesi, chini yake ni mzito. Soma kwa lamda, usisome kwa uwiano wa 14.7, kwa sababu petroli yenye ethanoli hubadilisha uwiano huo ilhali lamda 1.00 inabaki palepale. Sensa ya kiwandani kwenye pikipiki nyingi ni narobendi: hutoa karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi, karibu 0.9 ukiwa mzito, na hupinduka ghafla kwenye 0.45 hivi. Inajua upande, haijui umbali. Kwa kazi ya jedwali unahitaji waidibendi, na nyingi sokoni hutumia kichwa cha Bosch LSU 4.9.

Malengo ya kuanzia kwa injini isiyo na tabo: sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, lamda 0.92 hadi 0.98. Mwendo wa kawaida barabarani, 0.95 hadi 1.00. Mafuta yakiwa wazi kabisa, yaani umevuta hadi mwisho, 0.86 hadi 0.88 kwa injini inayopozwa na hewa na 0.88 hadi 0.90 kwa yenye rejeta. Injini ya hewa isibanwe zaidi ya hapo. Petroli ya ziada ni sehemu ya upozaji wake.

## Kabla ya kurekodi chochote

Logi ya pikipiki mbovu ni kumbukumbu ya ubovu. Plagi ziwe nzuri na nafasi yake iwe sahihi, filta ya hewa iwe safi, tapeti zipimwe injini ikiwa baridi. Betri isome volti 12.6 au zaidi ikiwa imepumzika, na chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiwa RPM 3,000 hadi 5,000. Petroli itoke kwenye kituo unachokiamini, si ya kidumu au ya chupa za barabarani, ambayo huja na maji, vumbi na wakati mwingine mafuta ya taa. Mafuta ya taa hushusha oktani na kuleta mgongo, yaani injini kugonga, na hakuna jedwali linalotibu mgongo wa petroli mbaya.

Zima marekebisho ya kontrol boksi (kompyuta ya injini) yanayofuata narobendi. Usipoyazima, wewe unaongeza asilimia 6 na kontrol boksi inazirudisha, halafu unadhani mabadiliko yako hayafiki. Mwisho, hifadhi nakala ya jedwali la mwanzo mahali pawili.

## Dalili: waidibendi haisogei, au imeganda kwenye namba moja

1. Hita haifanyi kazi. LSU 4.9 husoma sawasawa pale kauri yake inapofika karibu nyuzi 780 za Selsiasi, na bila hita haifiki huko. Angalia fyuzi, kisha volti kwenye waya wa umeme wa kidhibiti, yaani kiboksi cha waidibendi, injini ikiwa inawaka. Ikiwa fyuzi ni nzima, chomoa sensa na upime ukinzani kati ya waya mweupe na wa kijivu: ikiwa baridi inapaswa kuwa karibu omu 3.2. Ikisoma wazi kabisa, yaani umeme haupiti, hita imekatika na sensa ni ya kutupa.

2. Umeme umechukuliwa mahali dhaifu, kwa mfano kwenye waya wa taa ya nyuma. Hita huvuta ampea nyingi inapoanza kupasha. Chukua umeme kwenye betri kupitia rilei na fyuzi yake.

3. Mtu alikata soketi ili kurefusha waya. Ndani ya soketi ya LSU kuna kizuizi kidogo kinachobeba urekebishaji wa sensa hiyohiyo. Ukikata soketi umetupa urekebishaji. Refusha upande wa kidhibiti, usiguse upande wa sensa.

4. Sensa imekufa kwa sumu. Silikoni ya gasketi isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa, petroli ya ndege yenye risasi, na oili inayoungua zote huua kauri. Itoe, iachie hewani mbali na moshi, na usome: iliyo nzima itaonyesha oksijeni karibu asilimia 20.9. Isiyofika hapo haifai kuamulia kitu.

Kuna namna mbili za kuua sensa mpya ndani ya wiki. Ya kwanza ni kuiacha kwenye ekzosi bila umeme huku unaendesha; masizi huziba vitundu vyake. Ya pili ni kuifunga ikiwa imelala kichwa chini, maji ya mvuke yakaingia na kauri yenye moto ikapasuka. Ifunge ikiwa imeinuka angalau digrii 10 juu ya mlalo. Nafasi ikiruhusu, iwe sentimita 45 hadi 60 kutoka kichwa cha injini. Washa hita injini ikiwa tayari imewaka. Nati ya M18 hukazwa kwa Nm 40 hadi 60.

## Dalili: sailensi inaonyesha mwepesi sana, lakini plagi ni nyeusi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo tukae kidogo. Namba inasema lamda 1.15 au 1.25. Unaongeza mafuta. Namba haishuki, au inapanda. Pikipiki inanuka petroli hadi macho yanawasha, na plagi ikitoka ina masizi makavu ya kufutika kwa kidole. Vitu viwili vikipingana hivyo, plagi ndiyo yenye ukweli.

Kisababishi cha kwanza ni ekzosi inayovuta hewa. Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo presha ndani ya bomba hushuka chini ya ile ya nje. Ufa mdogo kwenye gasketi ya ekzosi pale inapoungana na kichwa cha injini, au kiungo kati ya bomba na sailensa, hunyonya hewa safi na kuipitisha mbele ya sensa. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, iwashe, kisha ziba ncha ya ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache ukiwa umevaa glovu. Povu litakuonyesha tundu. Angalia pia alama nyeusi kama mkaa kandokando ya kiungo. Hapo pamekuwa pakivuja muda mrefu. Badilisha gasketi, usipake silikoni.

Kisababishi cha pili ni vali ya hewa ya ziada. Pikipiki nyingi za injekta zina hosi inayotoka kwenye boksi la filta hadi kwenye tundu la moshi, ili kuunguza mabaki. Hiyo ni oksijeni inayoingizwa kwa makusudi. Izibe wakati wa kurekodi, na uirudishe kazi ikiisha.

Cha tatu ni injini kumisi. Mzunguko ambao haukuwaka hutoa hewa yake yote nje bila kutumika, na sensa huiona kama upungufu wa mafuta. Ukiongeza mafuta, plagi inalowa zaidi, inamisi zaidi, na namba inazidi kupanda. Kwenye logi utaitambua kwa mstari wa lamda wenye meno ya msumeno ilhali RPM na troto (kiasi ulichofungua mafuta) vimetulia. Badilisha plagi, kagua kofia ya plagi na koili, kisha punguza mafuta kwa asilimia 5 na utazame. Sauti ikitulia na namba ikishuka, ulikuwa mzito tangu mwanzo.

Cha nne ni ekzosi fupi au iliyo wazi, ambapo hewa ya nje hurudi ndani kutoka kwenye ncha katika RPM za chini. Hakuna marekebisho ya kifaa hapo. Tengeneza sailensi kwa sikio, kwa uthabiti wa RPM na kwa rangi ya plagi, kisha uiamini waidibendi kuanzia RPM 2,500 au 3,000 kwenda juu.

Ukishayaondoa hayo manne, ndipo uulize kama injini kweli ni nyepesi. Hapo kagua mpira wa manifoldi. Nyufa zake mara nyingi hujificha upande wa chini na hufunguka injini inapotikisika. Nyunyiza maji kwa chupa ya dawa ya kunyunyiza kandokando ya mpira. RPM zikibadilika umepata. Usitumie petroli wala klina ya kabureta kwa kazi hii kwenye injini inayowaka. Watu wameunguza pikipiki hivyo.

## Dalili: kioo cha waidibendi kinasema 0.88, logi inasema 0.90

Huu ni ubishi wa waya za ethi. Vidhibiti vingi hutuma namba kwa volti 0 hadi 5. Innovate LC-2, kwa mfano, hutoka kiwandani ikiwa 0 V ni uwiano wa 7.35 na 5 V ni 22.39, yaani kila volti ni kama 3. Kwa hiyo tofauti ya volti 0.1 tu kati ya ethi ya kidhibiti na ethi ya kifaa cha kurekodi hukupa kosa la uwiano 0.3, ambalo ni lamda 0.02. Pima kwa multimita kati ya ethi hizo mbili, injini ikiwa inawaka na taa kubwa imewashwa. Zaidi ya milivolti 20, hamisha ethi zote hadi nukta moja. Kosa la pili kwa wingi ni kuandika kipimo cha chapa nyingine kwenye programu. AEM za X-Series, mathalani, zina 0.5 V kwa 8.5 na 4.5 V kwa 18, mstari tofauti kabisa. Kama kifaa chako kinapokea namba kwa dijitali, tumia hiyo na usahau volti.

## Dalili: inasita au inakohoa ukifungua mafuta ghafla

Tazama logi kwa ukaribu, sekunde moja moja. Troto inaruka kutoka asilimia 5 hadi 40, na lamda inapanda hadi 1.20 kwa muda mfupi kisha inarudi. Huo ni upungufu wa muda, na dawa yake ni mafuta ya kuongeza mwendo, yaani petroli ya ziada ambayo kontrol boksi hutoa ukifungua ghafla. Jedwali kuu liache.

Kabla ya hapo, kagua sensa ya troto. Ikiwa imefungwa kabisa, pikipiki nyingi husoma volti 0.4 hadi 0.7, na zikiwa wazi kabisa hupita 4. Namba kamili ziko kwenye manuali ya pikipiki yako. Fungua polepole na utazame volti zikipanda. Zikiruka au kuzama katikati, sensa imechakaa, na kontrol boksi haijui kwamba umefungua. Kagua pia uhuru wa kebo, na kihosi chembamba cha sensa ya presha ya manifoldi. Kikipasuka au kikiingia petroli, usomaji unachelewa.

Vyote vikiwa vizuri, ongeza mafuta ya kuongeza mwendo kwa asilimia 10, rudia mfunguo uleule kwa gia ileile na RPM ileile mara tatu, linganisha. Lamda ikizama chini ya 0.75 baada ya mfunguo na moshi mweusi ukaonekana, umepitiliza.

## Dalili: inakuwa nyepesi RPM za juu, mafuta yakiwa wazi

SIMAMISHA mbio hapo hapo. Lamda zaidi ya 0.95 kwenye mafuta wazi, au mlio wa kugonga kama kokoto kwenye kopo, huweza kutoboa pistoni kwa sekunde. Usirudie "kuhakikisha".

Kinachopatikana mara nyingi ni pampu au kichujio chake ndani ya tangi. Funga geji kwenye njia ya mafuta. Pikipiki nyingi hufanya kazi kwa karibu bar 3, yaani psi 43, nyingine kidogo chini ya hapo. Presha inayokaa vizuri kwenye sailensi na kushuka chini ya mzigo ni kichujio kilichoziba au pampu iliyochoka. Manuali nyingi pia hutoa mililita zinazopaswa kutoka kwa sekunde 10. Kipimo hicho hufichua pampu ambayo presha imeificha. Toa presha kabla ya kufungua hosi, fanya kazi nje, na kizima moto kiwe karibu.

Kinachofuata ni volti. Injekta huchelewa kufunguka, karibu milisekunde 1 kwenye volti 14, na huchelewa zaidi volti zikishuka. Chaji ikianguka hadi 12 unakosa mafuta bila jedwali kubadilika. Weka volti za betri kwenye logi, daima. Dalili ndogo ya kosa hili: lamda ya sailensi inasogea unapowasha taa kubwa.

Mwisho, injekta yenyewe inaweza kuwa imefika kikomo. Kwa injini ya mipigo minne ambayo injekta yake hupuliza mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, muda uliopo ni 120,000 kugawanya kwa RPM, kwa milisekunde. Kwenye RPM 9,000 ni 13.3. Injekta ikiwa wazi zaidi ya 11.3, imepita asilimia 85 na haina tena pa kwenda. Unahitaji injekta kubwa, pamoja na data zake za kuchelewa kwa kila volti.

## Dalili: nzito kila mahali, inakula mafuta

Sensa ya joto la injini ndiyo ya kwanza. Waya ukikatika, kontrol boksi huona baridi kali na kumimina mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Kwenye logi, pikipiki iliyolala usiku inapaswa kusoma joto la injini na la hewa yakikaribiana. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 5, moja inadanganya. Sensa nyingi za aina hii husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 hadi 25, na ukinzani hupungua joto likipanda.

Kisha presha iliyozidi kutokana na regyuleta au hosi ya kurudishia iliyobanwa, na mwisho injekta inayodondosha. Hiyo utaijua kwa kuwasha injini ikiwa moto: inasumbua, halafu inatoa moshi.

Kama uzito umetokea baada ya kusafiri, ulizia mwinuko kabla ya kufungua kitu. Dar es Salaam presha ya hewa ni karibu kPa 101. Mbeya, kama mita 1,700 juu, ni karibu 83. Jedwali linalotegemea troto na RPM pekee, bila sensa ya presha ya anga, litamwaga pwani na Mbeya kiasi kilekile, na kule juu litakuwa na ziada ya asilimia 15 au zaidi. Moshi mweusi kwenye mpando hapo hauna maana ya ubovu. Washa marekebisho ya presha ya anga, au uwe na majedwali mawili. Hatari iko kwenye njia ya kurudi: aliyepunguza mafuta Mbeya na kushuka nayo pwani anaendesha injini nyepesi kwenye joto.

## Dalili: ekzosi inapiga milipuko ukiachia mafuta

Karibu kila mara ni uvujaji wa ekzosi au ile vali ya hewa ya ziada. Vimeshaelezwa. Lamda ya 1.4 au kifaa kugonga mwisho wa kipimo wakati wa kuachia mafuta ni kawaida. Kontrol boksi imekata petroli kabisa na sensa inaona hewa tupu. Usijaze mafuta hapo.

## Dalili: kila logi inadai jedwali tofauti

Leo sehemu ileile inataka asilimia 8 zaidi, kesho 5 pungufu. Kwa kawaida ni data chafu. Chuja kabla ya kuhesabu: ondoa mistari yote ambapo injini haijafika joto la kazi, troto inapobadilika haraka, na mafuta yalipokatwa. Sehemu ya jedwali iliyopata sampuli chini ya 20 au 30 isiguswe.

Kisha kuna ucheleweshaji. Moshi unahitaji muda kutoka kwenye vali hadi kwenye sensa, na sensa inahitaji muda wake. Kwenye sailensi huweza kufika theluthi ya sekunde, kwenye RPM za juu ni sehemu ndogo tu ya hapo. Ukirekodi mara 10 kwa sekunde, namba unayoiona sailensi inaweza kuwa ya mistari mitatu nyuma, na unaiandika kwenye chumba cha jedwali kisicho chake. Shika RPM na troto kwa sekunde 3 hadi 5 kwa kila sehemu, gia ya tatu au ya nne, kwenye mpando mrefu.

Hesabu yenyewe ni rahisi: namba mpya ni ya zamani mara lamda iliyopimwa, gawanya kwa lamda lengwa. Chumba chenye 62, kipimo 0.95, lengo 0.88: 62 × 0.95 ÷ 0.88 ni 66.9. Usiweke yote. Weka nusu, 64.5, rekodi tena, na ulainishe vyumba vya jirani. Chumba kimoja kinachodai zaidi ya asilimia 15 kuliko majirani zake ni kosa la kipimo hadi lithibitishwe vinginevyo.

## Mahali pa kusimama

Usitazame laptopu wala kioo cha waidibendi ukiwa barabarani. Rekodi, simama, ndipo usome. Usiwashe injini ndani ya chumba. Moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni, haina harufu na huua.

Ipeleke pikipiki kwa fundi wa injekta mwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, ikiwa: injini inagonga na petroli ni nzuri, presha ya mafuta inashuka na huna geji au kizima moto, kompresheni ni ndogo, kontrol boksi haisomeki baada ya kuandikwa, au unataka kugusa muda wa kuwaka kwa cheche. Huo wa mwisho hautengenezwi kwa lamda, kwa kuwa sensa haioni mgongo.

Ukienda kwake, beba jedwali la mwanzo, jedwali la sasa, logi mbili ambazo hazijachujwa, na karatasi yenye orodha ya vilivyobadilishwa: ekzosi, filta, injekta na namba yake, sensa na mahali ilipofungwa. Mwambie pia petroli uliyotumia na mji uliorekodia.